Mume wangu analilia filamu ya Wakorea, na huyo dada anakuja Desemba

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Bombo, nimeolewa na Mkongo wa Baraka, kule Fizi. Tunaishi Nsambya, Kampala. Yeye ana meza ya vitenge mjini, mimi nashona. Nyumbani tunaongea Kiswahili, changu cha kambi ya jeshi na chake cha Kongo, na watoto wanachanganya na Kiganda wanachookota nje. Sina malalamiko ya njaa wala ya kipigo. Mume wangu analeta hela ya matumizi, hanywi, na akichelewa anapiga simu. Ndiyo maana kila ninayemweleza shida yangu ananicheka.

Shida yangu ni filamu.

Sisi ni watu wa filamu. Mwisho wa wiki tunapeleka flashi kwa kijana wa dukani, anatuwekea tano au sita, nyingi zimetafsiriwa na vijei, wale wanaotia maneno yao juu ya filamu: za mapigano, za Kihindi, za Kinaijeria. Watoto wakilala, tunatazama. Mara hii kijana akachanganya humo filamu moja isiyo na vijei, inaitwa Past Lives. Nusu Kikorea, nusu Kiingereza, maandishi yanapita chini. Mimi nilitaka tuiruke. Mume wangu akasema tuiache kidogo tuone.

Ni habari ya binti na mvulana wa Seoul waliopendana wakiwa watoto wa shule. Binti akiwa na miaka 12, wazazi wake wakahamia Kanada. Miaka 12 baadaye wakatafutana kwa kompyuta, wakawa wanaongea usiku na mchana, kisha binti akakata. Ikapita miaka 12 mingine. Binti sasa yuko New York, ana mume Mzungu, na yule kijana akapanda ndege kwenda kumwona. Basi. Hakuna anayepigwa, hakuna anayefumaniwa. Mwisho kijana anaondoka, binti analia.

Na mume wangu akalia. Shangazi, si machozi ya kufuta kwa kidole. Alilia mpaka akainuka akaenda kusimama uani penye mabeseni. Huyu ni mtu ambaye siku mtoto wetu wa kwanza alipolazwa, jicho lake lilikuwa kavu. Nikamfuata, nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Njo vile," yaani ndivyo hivyo, akanawa uso, akaingia kulala. Tangu hapo nimemkuta akiitazama tena, peke yake, kwenye simu, amejiziba masikio na zile spika ndogo.

Ndipo nikaanza kuunganisha mambo. Mume wangu alikulia Nakivale. Walikimbia vita yeye na mama yake, wakapewa kiwanja huko kambini, wakajenga. Jirani yao kulikuwa na binti wa Kibembe kama wao. Walichota maji pamoja, wakasoma pamoja. Kesi ya kina binti ya kuombewa nchi ya kuhamia ikapita, wakapelekwa Kanada. Ya kina mume wangu haikupita. Hayo yote alinieleza kabla ya nikahi, hakunificha, nami nikayachukua kama mambo ya utotoni. Lakini kwenye simu yake ana picha iliyopigwa juu ya picha ya karatasi, kingo zimeliwa na maji: yeye, huyo binti, na mama mkwe wangu marehemu, wamesimama bombani na madumu ya njano. Binti anacheka. Nimemwambia aifute. Akasema, "Hapana." Katika ndoa yetu yote hajawahi kunikatalia kitu kwa neno moja namna hiyo.

Sasa huyo dada anakuja Desemba kumwona shangazi yake aliyebaki Nakivale. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyeniambia, tena anataka twende sote na watoto. Nikamjibu: mimi siendi, na wewe huendi. Amenyamaza. Usiku tunalala kama abiria wa basi la Arua, kila mtu na dirisha lake.

Jirani yangu Mganda alinipeleka kwa senga wake, shangazi anayefundisha wanawake mambo ya ndoa. Senga kanifundisha ya chumbani mpaka nikaona haya, kisha akasema nisimruhusu mume wangu kukanyaga huko. Na juzi huyo dada amenitumia ujumbe wa sauti, ananiita wifi, anauliza watoto wanavaa viatu saizi gani. Sijamjibu.

Nimlazimishe kuifuta picha? Nimzuie asiende? Na mwanaume anayelia kwa filamu ya mapenzi ya zamani, moyoni mwake yuko mke au yuko mwingine?

Mke wa Mkongo, Nsambya

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalokunyima usingizi. Machozi ya filamu si ushahidi. Mahakamani yangetupwa. Nimeona wanaume wazima wakilia kwa filamu ya farasi, na hakuna mke aliyeenda kumtafuta farasi. Lakini pia sitakuambia kwamba ni machozi ya bure, kwa sababu si ya bure, na wewe unajua.

Filamu hiyo nimeitazama. Ilitoka mwaka 2023. Aliyeiandika na kuiongoza, Celine Song, alizaliwa Seoul akahamia Kanada na wazazi wake akiwa na miaka 12, sawasawa na binti wa kwenye hadithi. Ameeleza mwenyewe jinsi ilivyomjia: usiku mmoja kwenye baa huko New York alijikuta ameketi katikati ya wanaume wawili, huku mumewe Mmarekani, huku rafiki yake wa utotoni kutoka Korea, wao hawaelewani lugha, naye anamtafsiria huyu maneno ya yule. Filamu inaanza na watu watatu hao hao kwenye baa, karibu alfajiri, na sauti za wateja wengine wanaobahatisha: yupi ni mume wa nani hapa?

Nakukumbusha mwanzo huo kwa sababu watu walikuwa watatu, na barua yako imewahesabu wawili. Wa tatu umempa maneno mawili, "mume Mzungu", ukapita. Mwanangu, huyo ndiye wewe! Katika nyumba yako ya Nsambya wewe si Nora, yule binti, wala si yule kijana wa Seoul. Wewe ni Arthur, mume wa Nora.

Rudi umtazame vizuri. Usiku, wakiwa kitandani, Arthur anamwambia mkewe wazi kwamba ana hofu. Anasema, kwa mzaha wenye maumivu, kwamba hadithi hii angeisimulia mtu mwingine, yeye angekuwa mume mbaya wa Kimarekani anayezuia watu walioandikiwa kuwa pamoja. Anamwambia pia kwamba yeye Nora akiwa usingizini anaongea Kikorea tu, na kwamba ndani yake kuna mahali ambapo yeye kama mume hawezi kufika. Ndiyo maana alianza kujifunza hicho Kikorea. Nora naye hamfokei. Anamjibu kwamba maisha yake ni haya, anayoishi pamoja naye.

Kisha Arthur anafanya jambo ambalo vijei wetu wasingemsamehe. Anakwenda nao. Anakaa pale baa, mkewe anaongea na mgeni Kikorea, yeye haelewi, na anavumilia. (Filamu hii ingepita mikononi mwa vijei wa Kampala, Arthur angetukanwa tangu anapotokea, na yule kijana angeitwa bwege aliyechelewa basi. Tungecheka, na wewe usingeniandikia.) Mgeni anaondoka, Nora anamsindikiza hadi kwenye gari, wanasimama wakitazamana bila neno. Akirudi, mumewe yuko nje ya mlango anamngoja. Analia kifuani mwa nani? Mwa Arthur. Na Arthur haulizi kitu, anamshika, wanaingia ndani.

Katika barua yako umeandika "binti analia" ukaweka nukta. Umeacha kusema anamlilia nani begani.

Kuna na hili. Nora alikuwa mtoto wa kulialia, na yule mvulana ndiye aliyekuwa akikaa naye analia. Alipohama aliacha, kwa sababu huko alikokwenda hapakuwa na wa kumjali akilia. Kwa hiyo kilio cha mwisho kinamhusu yule kijana, sikatai, ila kinamhusu pia mtoto aliyebaki Seoul ambaye hakuna mtu mwingine New York aliyewahi kumwona.

Sasa tuje kwa mumeo, na kwa kile ambacho umekitaja kwa nusu sentensi. Kwenye picha hiyo unayotaka ifutwe yumo mama yake.

Umeandika "mama mkwe wangu marehemu" kama mtu anayetaja dumu. Barua nzima umemtazama binti anayecheka. Mimi nimeisoma mara mbili, na kila mara nasimama kwa huyo mama. Mtu amekimbia Fizi na mama yake, wamefika Isingiro, wilaya iliko Nakivale, kwenye ardhi ya watu, wamejengewa maisha na kadi ya mgao, mama amefia huko huko. Nani leo duniani aliyemsikia huyo mama akimwita mwanawe kwa jina la nyumbani? Wewe hukumkuta. Watoto wako hawakumwona. Pengine shangazi wa huyo dada, aliyebaki kambini. Na huyo dada. Wamebaki wawili, na mmoja yuko ng'ambo ya bahari.

Siwezi kuapa kwamba mumeo aliyemlilia ni mama yake. Sikai moyoni mwake. Lakini kabla hujaamua kwamba alimlilia mwanamke, ungeuliza, kwa sababu yule kijana wa filamu, mwenye kwao, ana wazazi wake Seoul, kitanda chake, mtaa wake, marafiki zake wa kunywa nao. Mumeo alipoteza Baraka kwanza, kisha akaachwa Nakivale, kisha akamzika mama. Kama anaitazama tena na tena, huenda anatafuta mle kitu ambacho wewe na mimi hatukukiona.

Picha isiguswe. Hilo halina mjadala. Kuna filamu ya mwaka 2004, ya Jim Carrey na Kate Winslet, Eternal Sunshine of the Spotless Mind, ambayo wapenzi waliogombana wanakwenda ofisi moja kufutiwa kumbukumbu, kila mmoja amsahau mwenzake. Mwanaume yuko usingizini, mashine zinafuta, na katikati ya kazi anabadili nia, anaomba aachiwe hii moja tu. Wapi! Hawamsikii. Zote zinafutwa, na baadaye wanakutana upya kama wageni na kupendana tena. Wewe unataka kuwa hiyo ofisi? Ukiifuta, mama ataondoka na binti atabaki, maana binti ana namba ya simu na tiketi ya ndege. Mama hana.

Kuhusu kwenda, nitakushauri kinyume cha senga, na nitaanza na filamu ya kwetu. Ya kwetu nusu, tuseme. Mississippi Masala, ya Mira Nair, ilitoka 1991, sehemu yake ilipigwa hapa Kampala. Inaanza mwaka 1972, Idi Amin amewapa Waasia siku 90 waondoke. Jay ni wakili, mzaliwa wa hapa, hajui kwingine. Rafiki yake wa tangu utotoni ni Okelo, na Okelo ndiye anayemwambia aondoke, kwamba Afrika sasa ni ya Waafrika, Waafrika weusi. Neno hilo kutoka kinywa cha Okelo linamchoma kuliko bunduki za njiani, na wanaachana vibaya. Familia inaishia Mississippi, Marekani, kwenye moteli. Mkewe, Kinnu, anauza duka la pombe ili watu wale. Jay anaandika barua, mwaka baada ya mwaka, kuidai serikali ya Uganda mali yake.

Watu wengi wanaikumbuka kwa ajili ya Denzel Washington na binti wa Jay, na siwalaumu, wale wawili wanapendeza. Mimi jicho langu huwa kwa Kinnu. Mpinzani wa Kinnu hana sura wala nguo. Ni mji. Mumewe yuko mezani lakini yuko Kampala, yuko bustanini kwake, yuko na Okelo. Kinnu anasimamia duka na kumvumilia. Hatimaye Jay anapanda ndege peke yake, anakuja, anakuta nyumba yake imekuwa gofu na Okelo amekwisha kufa zamani. Anasimama barabarani kwenye kundi la watu wanaocheza ngoma, mtoto wa watu mikononi mwake. Hapo ndipo anapoiacha ile kesi, na anamwandikia Kinnu barua kwamba moyo wake uko kwake. Barua zote zile za madai hazikumfanyia kile ilichomfanyia safari moja.

(La pembeni, lakini napenda kulisema: ni wakati Nair akiitafiti filamu hiyo ndipo alipokutana na Profesa Mahmood Mamdani wetu, ambaye naye alifukuzwa mwaka huo wa 1972, wakaoana.)

Ukimzuia mumeo, Nakivale haitapungua. Itakaa hapo Nsambya na nyinyi, itakula na nyinyi, itamfuata kwenye meza yake ya vitenge. Aende. Na usimwache aende peke yake kama Kinnu alivyomwacha Jay, kwa sababu wewe una bahati ambayo Kinnu hakuwa nayo: umealikwa. Mtu mwenye la kuficha hasemi "njoo na watoto". Angekuambia anakwenda Mbarara kufuata mzigo. Wako alikueleza kabla ya nikahi, amekueleza tarehe, na picha ameiacha kwenye simu unayoifungua. Ungeniandikia kwamba anatuma hela Kanada kwa siri, au simu anazipokelea nje usiku wa manane, jibu langu lingekuwa jingine, tena kali.

Nisikudanganye upande wa pili pia. Huenda kweli kuna kitu moyoni mwake kwa huyo dada. Filamu ile haikudai kwamba Nora hana kitu kwa yule kijana. Anacho, kinaonekana, na Arthur anakiona. Wanawake wengi huniandikia wakitaka niwaapie kwamba waume zao hawakuwahi kuwa na mtu. Sina kiapo hicho. Mtu aliyefika miaka thelathini na kitu amebeba watu, na wewe wa Bombo pia umebeba wako, usinifanye niulize. La kujua ni kama anarudi nyumbani na mikono yake yote miwili. Kwa hayo uliyoniandikia, huyu anarudi.

Lakini msiende mkiwa mmenuniana. Hiyo safari ni ndefu, Kampala hadi Mbarara peke yake inamaliza nusu siku, halafu bado vumbi la kuingia kambini. Ongeeni kwanza. Najua utasema hujui uanzeje. Kuna filamu ya Hong Kong, In the Mood for Love, ya Wong Kar-wai, ya mwaka 2000. Majirani wawili, mke wa mtu na mume wa mtu, wanagundua kwamba mume wa huyu na mke wa yule wana uhusiano. Basi yule mama anafanya mazoezi na jirani: jirani anajifanya mume, mama anamuuliza, "Una mwanamke?" Jirani anakubali. Mama anampiga kofi dogo lisilo na nguvu. Wanarudia. Mara ya pili anabubujikwa machozi, anasema hakujua litauma hivyo. Na hiyo ilikuwa mazoezi tu!

Ninachokipenda hapo ni kwamba alilisikia swali lake kwa masikio yake kabla ya kumpelekea mwenyewe. Fanya hivyo, hata na cherehani. Sema kwa sauti, "Unampenda?" Usikilize linavyotoka. Halafu sema, "Naogopa." Nadhani utakuta la pili ndilo zito zaidi kulitamka, na ndilo ulilokuwa unataka kumwambia siku uliposema "siendi na wewe huendi".

Kisha mpe flashi, mtazame tena hiyo filamu pamoja, watoto wakilala, bila spika za masikioni. Mwombe jambo moja tu: asimamishe pale panapomuuma. Usimsaidie kuchagua. Mimi nabahatisha kwamba hatasimamisha baa, wala gari la mwisho. Huenda akasimamisha mapema kabisa, pale wale watoto wawili wanapotoka shule, njia inagawanyika, binti anapanda ngazi, mvulana anasema kwaheri moja kavu na kwenda zake. Watoto wa kambini wanaijua hiyo kwaheri: asubuhi gari limekuja, majina yamesomwa, mwenzako yumo wewe humo. Lakini nabahatisha. Yeye ndiye atakayekuambia, na akikuambia, usijibu haraka. Kaa naye hapo hapo filamu imesimama, hata kama ni hadi usiku wa manane.

Ya chumbani yatafuata. Senga hakukosea kwa fani yake, masenga wanajua kazi, ila alikutibu mguu na kinachouma ni jino. Nyinyi hamlali mbali kwa kukosa ufundi. Kuna neno limelala katikati yenu.

Mkifika huko, anzeni kaburini kwa mama mkwe wako, kabla ya chai ya mtu yeyote. Watoto wamsomee Fatiha bibi yao. Mwombe mumeo akuonyeshe hilo bomba, kama bado lipo, na kiwanja chao. Wakati yeye na huyo dada wanapoongea Kibembe, na wataongea, usiwakatize kila dakika kuuliza wanasema nini. Usiku mkiwa peke yenu, muulize akutafsirie. Muulize hasa mama yake alikuwa anasema nini, alipika nini, alimwita nani. Huyo dada naye muulize hayo hayo, ukimpata jikoni. Atakumbuka mambo ambayo mwanamume hayashiki. Utaondoka Nakivale unamjua mkweo, jambo ambalo hata mumeo hakujua akupe vipi.

Na kama ukimwona huyo dada ana macho mengine, utajua. Mwanamke hahitaji filamu kwa hilo. Niandikie tena tutaongea vingine.

Kwa jirani na senga wake, washukuru, lakini habari za Desemba usizipeleke huko.

Ule ujumbe wa sauti ujibu leo. Mtu aliyekuita wifi na kuuliza viatu vya wanao ameshika adabu, usimwache hewani. Mpe saizi za miguu, ongeza namba moja maana hadi Desemba watakuwa wamekua. Muulize anafika tarehe ngapi, nani anampokea Entebbe, na kama shangazi yake ana nafasi ya kuwalaza wote au mtafute chumba Mbarara.